Doli za BJD: Venye Unaweza Anza Kupaka Sura na Ngiri Mbili, Bila Kuuza Simu

Saa saba usiku, bando inaelekea kuisha, na bado unapekua simu. Vidio inatokea: mkono mmoja, brashi nyembamba ka unywele, na doli yenye uso mtupu inaanza kupata nyusi, macho, midomo. Dakika tatu baadaye hiyo kitu inakuangalia ka mtu anataka kukuambia siri. Unatafuta bei. Dola 500, na hapo usafiri bado. Unapiga hesabu, unapata hiyo ni kodi ya keja yako miezi kadhaa. Unazima simu, unalala.

Usilale bado. Kitu ilikushtua kwa hiyo vidio haikuwa plastiki. Ilikuwa sura. Na sura inapakwa na mkono, na mkono unaweza funzwa na kichwa cha soo moja na nusu kutoka Gikosh. Hii makala ni ya msee ama manzi anataka kuanza leo na hana doh ya kuchezea. Tutaongea doli, vifaa, hatua moja moja, na vitu mbili zinaweza kukuumiza kabla hujapaka hata kope moja.

BJD ni nini haswa?

Ni doli yenye viungo vya mviringo. Shingo, bega, kiwiko, nyonga, goti, kifundo: kila kiungo kina kichwa cha duara ka bano, kinakaa ndani ya kikombe, vile tu mfupa wa paja lako umekaa kwa nyonga. Ndani ya mwili kuna lastiki inapita kutoka kichwa mpaka miguu, na hiyo ndiyo inavuta kila kitu pamoja. Ndio maana doli inaweza kaa, ikunje goti, ishike kiuno, na ibaki hivo bila kuanguka.

Wazo lenyewe ni la kitambo. Msanii Mjerumani Hans Bellmer alitengeneza doli za viungo vya duara miaka ya 1930. Miaka ya 1960, Yotsuya Simon wa Japani akaona picha za kazi ya Bellmer, na maisha yake ya sanaa yakageuka. Lakini BJD ya kununua dukani, ile watu wanakusanya leo, ilianza na kampuni ya Volks ya Kyoto ilipotoa Super Dollfie mwaka wa 1999. Korea Kusini ikaingia na kampuni ka Luts na Fairyland, alafu Uchina ikafuata.

Saizi ziko tatu kubwa: sentimita 60 hivi, sentimita 40 hadi 45, na zile ndogo za karibu 26. Nyingi ni za rezini ya poliurethani. Kichwa kinafunguka nyuma, macho yanatoka, wigi inatoka, na rangi ya uso inaweza futwa yote ibaki mtupu. Yaani imetengenezwa ibadilishwe. Hii si doli ya kuwekwa kwa kabati na kuambiwa usiguse.

Mbona ni ghali hivo?

Juu haitoki kwa mashini kubwa ka ndoo za plastiki. Msanii anachonga, kampuni inatengeneza kalibu za silikoni, mtu anamwaga rezini, mwingine anapiga msasa. Zinatoka chache. Doli mpya ya sentimita 60 kutoka kampuni yenye jina huenda dola 400 hadi 800, na ikifika hapa kuna ushuru na VAT ya asilimia 16.

Hapo ndio utakutana na feki. Kuna watu hununua OG moja, wanaitolea kalibu, wanauza nakala kwa bei ya chini. Aliyechonga hapati hata shilingi. Wakusanyaji wengi hawataki kuziona kabisa, na ukija kutafuta kazi ya kupaka baadaye, hiyo rekodi itakufuata. Ukikosa doh ya OG, nunua kitu halali ya bei ya chini. Si lazima uibiwe ama uibe.

Panda ngazi, usiruke

Ngazi ya kwanza: kichwa cha mazoezi. Enda Gikomba, Toi, ama mahali popote wanamwaga mtumba ya toys za watoto. Tafuta doli za aina ya Barbie, ama Monster High za Mattel ambazo zilianza 2010 na hupendwa sana na wapaka sura juu nyuso zao zina pembe na makunyanzi ya kuchezea. Bonyeza kichwa na kidole. Kikibonyea kidogo, ni vainili, na hicho ndicho unataka. Usijali nywele zimechakaa ama mguu umepotea. Unanunua uso.

Ngazi ya pili: BJD ya plastiki kutoka Uchina, ama kichwa pekee cha rezini. Kampuni kadhaa huuza kichwa bila mwili, na bei inashuka sana. Kwa anayejifunza kupaka, mwili unaweza ngoja.

Ngazi ya tatu: doli kamili ya rezini. Ukifika hapo utakuwa umepaka vichwa ishirini, na mkono hautatetemeka ukishika kitu ya ngiri hamsini.

Bajeti ya kuanzia

Bei hupanda na kushuka na mtaa na venye unajua kubonga, lakini tenga hivi:

- Kichwa ama doli ya mtumba: 150
- Seti ndogo ya rangi za akriliki: 500
- Brashi tatu, moja iwe ile nyembamba kabisa: 300
- Penseli za rangi zinazoyeyuka na maji: 350
- Vanishi ya akriliki ya maji, ile haing'ai: 600
- Dawa ya kutoa rangi ya kucha, pamba na vijiti vya masikio: 150

Jumla ni 2,050. Ngiri mbili na finje. Ka umesota sana, acha penseli kwanza, uchore na brashi na rangi iliyochujwa na maji.

Kitu moja usibanie ni ile brashi nyembamba. Brashi mbaya hutawanyika ncha, na kope zako zitatoka ka ufagio. Ukimaliza kazi ioshe na sabuni, unyooshe ncha na vidole, uilaze. Usiwahi iacha imesimama kichwa chini ndani ya kikombe cha maji.

Kabla ya rangi: mapafu yako na keja yako

Hapa tafadhali usiruke mistari.

Wapaka wengi wa ng'ambo hutumia vanishi ya spreyi, na maarufu kabisa ni Mr. Super Clear ya Japani. Ni nzuri kweli, lakini mvuke wake ni sumu kwa mapafu. Ile maski ya hospitali haizuii mvuke. Leso haizuii. Maski ya vumbi ya mjengo pia haizuii. Unahitaji maski ya mpira inayoshika uso, yenye katriji za mvuke wa kemikali. Kwa mfumo wa Ulaya zina mstari wa kahawia na herufi A. Wauzaji wa vifaa vya usalama kazini na maduka ya rangi za magari huwa nazo. Na hata ukiwa nayo, piga spreyi nje, si ndani ya nyumba.

Sasa fikiria bedsita. Kitanda hapa, meko ya gesi pale, dirisha moja. Spreyi na asetoni zote hushika moto upesi, na mvuke wake unatambaa. Usifungue chupa ya asetoni na gesi ikiwaka. Usipige spreyi stima zikipotea na umewasha mshumaa. Haina haja doli ipate sura na wewe upoteze yako.

Ndio maana kwa kuanza nakuambia utumie vanishi ya maji ya kupaka na brashi ama sponji. Haina ile harufu ya kuua, haihitaji kuagizwa, na spreyi kwanza ni ngumu kutumwa kwa ndege juu mikebe yenye presha huhesabiwa mzigo hatari. Vanishi ya maji ina kasoro moja: ukiipaka juu ya unga wa pasteli, inaukokota na kuuchafua. So mwanzoni tumia rangi ya akriliki iliyochujwa, achana na pasteli. Ukipata siku moja spreyi, maski na nafasi, pasteli itakungoja.

Na ukija kupiga msasa, vumbi la rezini pia si la kuvutwa. Lowesha msasa, fanya kazi ndani ya maji, vaa maski ya vumbi.

Hatua moja moja

1. Futa sura ya kiwanda. Ka ni kichwa cha vainili, lowesha pamba na dawa ya kucha, sugua polepole, badilisha pamba ikichafuka. Isimwagike kwa mwili, juu ile plastiki ngumu itayeyuka iwe na ukungu mweupe. Kwa rezini, asetoni ni mwiko kabisa: tumia sponji nyeupe ya kufuta madoa na maji vuguvugu, ama spirit, na ujaribu kwanza mahali pamefichika ndani ya shingo.

2. Osha na sabuni ya vyombo, ukaushe. Kuanzia hapa shika kichwa kutoka nyuma ama ukidunge kwa kijiti. Mafuta ya vidole yako hufanya rangi ikatae kushika.

3. Paka vanishi safu moja nyembamba, uache ikauke vile chupa inasema. Plastiki ni laini na inateleza. Hii safu inaipa ukwaru wa kushika rangi.

4. Chora ramani. Na penseli, weka alama ya mahali nyusi zinaanza, kona za macho, mstari wa katikati ya midomo. Geuza kichwa juu chini ukicheki. Ama kipige picha na simu alafu ugeuze hiyo picha ka kioo. Jicho lililoenda upande litajitokeza hapo hapo. Futa na kijiti cha pamba chenye unyevu, urudie.

5. Vivuli kwanza, mistari baadaye. Chukua rangi, ichuje na maji mpaka iwe ka chai ya rangi, ufute brashi kidogo kwa tishu, upake juu ya kope, pembeni mwa pua, chini ya mdomo wa chini. Safu ya kwanza haitaonekana ni kitu. Ya nne ndio utaona uso unatokea. Ukipaka nzito mara moja, imeenda hiyo.

6. Vanishi tena. Hii ndio kusevu kwenye gemu. Ukikosea baada ya hapa, unafuta rangi ikiwa bado mbichi na kazi ya chini inabaki salama. Akriliki ikishakauka, maji pekee hayaitoi, so kuwa chonjo.

7. Sasa mistari. Nyusi hupakwa unywele mmoja mmoja, si mstari mmoja wa kalamu. Vuta pumzi, egemeza kidole kidogo kwa meza, chora ukitoa pumzi. Kope za chini ni fupi na zinaachana.

8. Macho ka ni ya kupakwa: nyeupe isiwe nyeupe kabisa, tia tone la kahawia. Mboni ya duara, giza juu juu kope inatupa kivuli, mwangaza chini. Nukta moja nyeupe kwa kila jicho, upande ule ule.

9. Funga na vanishi safu mbili nyembamba. Ikikauka vizuri, vanishi inayong'aa kidogo kwa midomo na macho, basi.

Ka siku moja utatumia spreyi, angalia hewa. Unyevu ukiwa mwingi, spreyi inakauka na ukungu mweupe ka baridi ya asubuhi kwa kioo. Nairobi ya Julai asubuhi, zii. Ngoja mchana jua likitoka. Mombasa, chagua siku kavu kabisa.

Sura yenye inakaa ya watu wako

Hapa ndio nataka usikize. Mafunzo mengi ya kupaka yametengenezwa na doli ya rangi nyeupe ama ya waridi. Ukifuata yale yale kwa doli ya kahawia, mashavu yatatoka na majivu na midomo itaonekana imepakwa chaki. Kosa si mkono wako. Ni rangi.

Kwa ngozi nyeusi, kivuli si rangi nyeusi. Ni kahawia nzito yenye wekundu ama zambarau kidogo ndani. Unataka kahawia iwe nzito? Ongeza buluu, usiongeze nyeusi. Mashavu ni rangi ya tofali, ya damu ya mzee, ya zambarau. Mwangaza wa paji na pua ni dhahabu, si nyeupe. Na midomo, cheki siste yako ama jicheki kwa kioo: wengi wetu mdomo wa juu ni mweusi zaidi, wa chini una waridi katikati, na mpaka wake una mstari mweusi laini. Paka hivo. Ukipaka midomo yote rangi moja, unaondoa kitu kinachofanya uso uwe wa hapa.

Na usijaribu kugeuza doli nyeupe iwe nyeusi kwa kupaka mwili mzima. Viungo vinasuguana, rangi itabanduka siku ya kwanza ukikunja goti. Tafuta doli ambayo plastiki yake ni kahawia tayari. Ukikosa, fanya kazi ya kichwa pekee.

Nywele na nguo: hapa tumewashinda

Wigi za BJD huuzwa kwa dola. Wewe uko nchi ya masalon. Pakiti moja ya braids za kusuka inatosha wigi kadhaa. Funika kichwa na karatasi ya nailoni, vuta kipande cha soksi nyembamba juu yake, funga na raba, paka gundi nyeupe safu mbili tatu, uache usiku kucha. Asubuhi unabandua kofia ngumu iliyokaa kichwa chake kabisa. Anza kugundisha nywele kutoka shingoni kwenda juu, mstari kwa mstari. Suka lines, box braids, chochote. Ncha uzitie kwa maji moto vile salon hufanya, lakini kabla ya kuvisha doli, si ikiwa kichwani. Afro? Fumua uzi wa sufu, uchane na brashi ya chuma.

Nguo, ongea vizuri na fundi wa mtaa. Vipande vya kitenge anavyotupa ni gauni nzima kwa doli ya sentimita 40. Chagua maua madogo. Na kitambaa cheusi ama chekundu kioshwe kwanza mpaka maji yatoke safi, juu kinaacha doa kwa rezini na vainili.

Lastiki ya ndani ikilegea, duka za vifaa vya mafundi tao huwa na lastiki ya mviringo. Milimita 3 hadi 4 kwa doli kubwa, 2 hadi 3 kwa ya kati. Na doli ya rezini isikae dirishani. Jua huigeuza manjano, na hiyo hairudi.

Inaweza leta doh?

Inaweza, lakini polepole. Wakusanyaji hulipa wengine wapake sura, na kazi huenda kwa mwenye picha nzuri. Piga kila kichwa kabla na baada, mahali pamoja, mwanga wa dirisha. Usikubali rezini ya mtu kabla hujamaliza vichwa kumi bila kulia. Hesabu vifaa pamoja na masaa yako, uchukue kianzio, na umwambie mteja mapema ni rangi gani itafutika na gani haitafutika.

Kuna maneno utasikia pia. Mathe atauliza mtu mzima anafanya nini na doli. Jirani atakuuliza ka ni uchawi. Uliza shosh yako alichezea nini akiwa mdogo. Wengi watakuambia walifunga gunzi la mahindi na kitambaa, wakalisuka zile nywele zake, wakalipa jina. Yeye hatakuuliza hilo swali la mathe. Anaweza hata kuomba akushikie kichwa ukichora.

Kichwa chako cha kwanza kitakuwa na macho mawili yanaangalia mitaa tofauti. Usikifute. Andika tarehe ndani ya shingo, kiweke kwa rafu, alafu rudi Gikosh utafute cha pili.